Betri ya Pijo Haikai Chaji: Tumtafute Mwizi Wapi?

Najua wengi wenu mtajiuliza: jarida la Chama cha Kiswahili na mambo ya betri, wapi na wapi? Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniuliza vivyo hivyo nilipompelekea daftari langu. Nilimjibu kwamba gari likikataa kuwaka saa 11 alfajiri halisukumwi kwa methali, na kwamba Kiswahili chetu lazima kiweze kuingia hata chini ya boneti. Akacheka, akasema, "Haya, andika. Lakini uandike aelewe hata yule ambaye hajawahi kushika spana." Nimejaribu.

GARI LENYEWE

Babu yangu ana pikapu aina ya Peugeot 504, ambayo sisi sote twaiita Pijo. Gari la aina hii lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 likachaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu liliunganishwa Mombasa. Wazee hawajasahau lilivyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Yale marefu ya abiria saba yalikuwa yakisafirisha watu kutoka mji hadi mji. Leo ni magari ya kale, lakini mengine bado yako kazini, na la babu ni mojawapo.

Kazi yake ni maziwa. Kila siku saa 11 alfajiri, katika baridi ya huku kwetu Molo, babu hupita nyumba kwa nyumba akikusanya mitungi ya majirani na kuipeleka kwenye kituo cha kupozea. Malipo ya kazi hiyo ndiyo hulipa pesa zangu za shule. Kwa hivyo Pijo ikilala, nami nalala nyumbani.

Mwezi wa Mei betri ilianza kufa. Asubuhi unapiga stata, unasikia "tik, tik", basi. Tukawa tunasukuma gari, mimi na ndugu zangu wawili, huku tope likiturukia sare. Fundi mmoja alikuja, akaigonga betri kwa kidole akasema, "Mzee, hii imekwisha. Nunua ingine." Babu akanunua mpya. Haikumaliza wiki tatu. Ikawa kila baada ya siku mbili anaibeba hadi sokoni kuchajiwa, analipa, anairudisha, na siku ya tatu ni yale yale.

Fundi akaitwa tena. Safari hii aliwasha gari, akang'oa kichwa kimoja cha betri injini ikiwa inanguruma. Injini ikazima papo hapo. "Umeona? Alteneta imekufa. Ya mtumba ni shilingi 9,000." Babu hakuwa nazo. Wiki hiyo hiyo nilitumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Siku ya Ijumaa akaja mnunuzi wa vyuma kuukuu, akaizunguka Pijo mara mbili, akataja bei. Babu hakumjibu mara moja. Alisema tu, "Njoo Jumatatu."

Nikaona siku zilizobaki ni mbili. Mwalimu wa Fizikia aliponikopesha multimita ya maabara alinipa sharti moja: "Andika unachopima kabla hujaanza kukisia." Mwenzangu, makala haya yote ni sharti hilo. Mengine ni maelezo.

BETRI NI TANGI, SI KISIMA

Kosa la kwanza tulilofanya nyumbani lilikuwa kuilaumu betri. Betri ya gari ni kama tangi la maji lililo juu ya paa. Tangi halizalishi maji. Hutunza yaliyopandishwa na pampu. Ukiona tangi li tupu kila jioni, je, utanunua tangi jipya? Utaangalia kwanza kama pampu inafanya kazi, kama bomba linavuja, na kama kuna mtu aliyesahau mfereji wazi.

Betri ya risasi na asidi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859, na kanuni yake haijabadilika. Ndani mna seli sita. Kila seli ikijaa hutoa takriban volti 2.1, kwa hivyo zote sita hufika volti 12.6 hivi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanadhani betri ya "volti 12" ikisoma 12 ni nzima. La! Ikiwa imepumzika, soma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: imebaki na robo tatu.
Volti 12.2: nusu.
Volti 12.0: robo.
Chini ya 11.9: ni kama tupu.

Betri ikiachwa tupu mara kwa mara, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi inayoganda, kisha haiwezi tena kushika chaji. Hiyo ndiyo iliyoua betri ya kwanza ya babu. Haikufa kwa uzee peke yake, ilikufa njaa.

UMEME HUTOKA WAPI?

Pampu ya umeme katika gari ni alteneta. Huzungushwa na injini kwa mkanda. Michael Faraday aligundua mwaka wa 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliosokotwa, umeme huingia katika waya huo. Ndani ya alteneta mna sumaku inayozunguka katikati ya nyaya zilizosokotwa. Umeme unaotoka hapo huenda mbele na nyuma, na betri haiutaki wa namna hiyo, kwa hivyo hupitishwa kwenye diodi, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Halafu kuna kidhibiti volti, ambacho mafundi wetu hukiita katauti. Kazi yake ni kuzuia volti isipande kupita kiasi. Katika magari mengine katauti imefungwa kando, na katika mengine, kama la babu, imo ndani ya alteneta.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo siri ilipokuwa. Sumaku hiyo inayozunguka si sumaku ya kudumu. Ni sumakuumeme: lazima ipewe umeme kidogo kwanza ndipo iwe sumaku. Ni kama pampu ya mkono inayotaka kumiminiwa kikombe cha maji ndipo ianze kuvuta. Je, kikombe hicho hutoka wapi? Katika Pijo ya babu na magari mengi ya Ulaya ya rika lake, hutoka kwenye betri, hupitia swichi, hupitia ile taa ndogo nyekundu ya dashibodi yenye picha ya betri, kisha huingia kwenye alteneta kwa waya mwembamba. Ndiyo sababu ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa hiyo huwaka.

Injini ikiwaka, alteneta huanza kujitengenezea umeme wake. Sasa upande mmoja wa taa una volti 14 na upande wa pili una volti 14. Hakuna tofauti ya volti, kwa hivyo hakuna mkondo, na taa huzimika. Ukielewa sentensi hiyo, umeielewa taa nyekundu kuliko madereva wengi.

Magari ya kale zaidi, kama vile Morris Minor, Land Rover za mwanzo na Volkswagen zile za kobe za miaka ya 1950 na 1960, hayana alteneta bali yana dainamo. Dainamo hutoa umeme kidogo injini inapozunguka polepole, kwa hivyo usishtuke taa ikimulika gari likisimama njia panda. Tena, baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza yamefungwa upande chanya wa betri kwenye bodi badala ya upande hasi. Usifunge betri kwa mazoea, angalia kwanza.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti ukikagua maji ya betri. Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua betri, anza na kichwa kilichoungwa na bodi, na unapofunga, kiwe cha mwisho. Funga nywele na mikono ya sweta mbali na mkanda na feni.

Na jambo la mwisho, nawasihi: usimruhusu mtu yeyote ang'oe kichwa cha betri injini ikinguruma. Desturi hii imeenea sana mtaani. Alteneta nzima ikinyang'anywa betri ghafla, volti yake huruka juu na yaweza kuchoma diodi na katauti. Yaani unapima mgonjwa kwa kumpiga rungu. Bahati yetu siku ile ni kwamba alteneta ilikuwa haitoi kitu.

HATUA KWA HATUA

Siku ya Jumamosi babu hakwenda Nakuru kama kawaida yake. Alikaa juu ya gogo akinitazama, hajaamua kama acheke au anikemee. Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa. Nilifuata mpangilio huu, nawe waweza kuufuata.

Hatua ya 1: Macho na mikono. Tazama mkanda. Je, umepasuka? Umelegea? Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Usogee sentimita 1 hivi, si zaidi sana. Mkanda uliolegea huteleza na kupiga kelele, hasa ukilowa au taa zikiwashwa. Wetu ulikuwa sawa. Tazama vichwa vya betri. Vyetu vilikuwa na unga mweupe na kijani kibichi. Nilivisugua kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, maana magadi hupoza asidi, kisha nikavipiga msasa. Ukifanya hivyo, maji ya magadi yasiingie ndani ya betri.

Hatua ya 2: Betri ikipumzika. Multimita kwenye volti, waya mwekundu chanya, mweusi hasi. Ilisoma 12.6. Betri mpya ilikuwa haina kosa. Tulikaribia kuizika nayo ingali hai.

Hatua ya 3: Injini ikinguruma. Gari zima husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Letu lilisoma 12.3. Nikawasha taa kubwa: 11.9. Maana yake taa zilikuwa zinakunywa tangini na pampu haileti kitu.

"Si nilikuambia? Alteneta," akasema babu.

"Bado, babu. Ngoja kwanza."

Hatua ya 4: Kwenye alteneta yenyewe. Pima kati ya nguzo nene ya alteneta na kichwa hasi cha betri, injini ikinguruma. Kama hapa ungepata 14.2 na kwenye betri 12.5, ungejua alteneta ni nzima na mwizi yumo kwenye waya mnene au viungo vyake. Sisi tulipata 12.3 pande zote mbili. Waya mnene hauna hatia.

Hatua ya 5: Njia ya kurudi. Umeme haumalizi safari mpaka urudi ulikotoka, na katika gari hurudi kupitia bodi na injini. Mafundi huita njia hii athi. Pima kati ya gamba la alteneta na kichwa hasi cha betri, injini ikinguruma na taa zimewashwa. Ukipata zaidi ya volti 0.2, kuna kutu au nati iliyolegea. Tulipata 0.03. Safi.

Hapo nilikwama. Kila nilipopima palikuwa sawa, isipokuwa alteneta yenyewe. Nilianza kufikiri kwamba fundi alisema kweli. Nilirudisha multimita kwenye betri. Babu naye alikuwa amechoka kungoja. Akaingia garini na kabla ya kuzima akakanyaga mafuta kwa nguvu, kama mtu anayeaga.

Lahaula! Namba ziliruka kutoka 12.3 hadi 14.1.

Nilipiga ukelele. Babu akaondoa mguu, injini ikatulia, lakini namba hazikurudi. Zilikaa 13.9. Alteneta "iliyokufa" ilikuwa inachaji. Nikamwambia azime, awashe tena. Tukarudi 12.3. Akakanyaga mafuta: 14.1. Mara tatu, jibu ni lile lile.

"Babu," nikamwuliza, "ukitoka Nakuru Jumamosi, Jumapili gari huwaka?"

Akafikiri. "Kumbe! Jumapili huwa haisumbui."

Hapo mambo yakaanza kushikana. Safari ya Nakuru ni zaidi ya kilomita 40 za lami na mwendo wa kasi. Safari ya maziwa ni ya polepole, na kwa kila nyumba babu huzima injini ili asichome petroli. Alteneta ilikuwa nzima, ila ilikuwa haipewi kikombe chake cha kwanza. Chuma cha sumakuumeme hubakiwa na usumaku kidogo sana hata umeme ukikatika. Ukiizungusha kwa kasi kubwa, usumaku huo mdogo hutosha kuanzisha kazi. Ukiizungusha polepole, hautoshi.

Hatua ya 6: Taa nyekundu. Nilimwambia babu afungue swichi bila kuwasha. Taa ya mafuta ya injini iliwaka. Taa ya betri, kimya.

"Babu, hii taa haiwaki?"

"Hiyo? Hiyo haijanisumbua tangu Aprili," akasema kwa fahari. "Ikiwaka ndio ubaya. Haiwaki, kwa hivyo chaji iko."

Msomaji, uliona mgonjwa aliyenyamaza kwa sababu amezimia, watu wakasema amepata nafuu? Kabla ya kuwasha gari, taa hiyo haina ruhusa ya kunyamaza.

Nilichomoa waya mwembamba kutoka kwenye alteneta na kuugusisha kwenye chuma cha injini, swichi ikiwa wazi na injini imezimwa. Taa ilipaswa kuwaka. Haikuwaka. Kwa hivyo kosa halikuwa ndani ya alteneta bali kati ya swichi na waya huo. Nikaitoa balbu nyuma ya dashibodi, nikaiinua juani. Uzi wake ulikuwa umekatika, na kioo kimekuwa cheusi.

Ili kuhakikisha, nilichukua balbu ndogo ya majaribio yenye nyaya mbili, upande mmoja kwenye chanya ya betri na wa pili kwenye nguzo nyembamba ya alteneta. Babu akawasha. Balbu ikawaka, ikafifia, ikazimika. Multimita: 14.1, injini ikinguruma polepole. Tafadhali, usiunge waya mtupu pasipo balbu hapo. Mkondo utakuwa mkubwa na utaunguza vitu ndani.

Balbu mpya ilikuwa shilingi 50.

HESABU YA ALFAJIRI MOJA

Sisi wa kidato cha tatu tunafunzwa kwamba wati ni volti mara ampea. Basi tuone kwa nini betri ilikuwa haifiki siku ya tatu. Taa mbili kubwa za wati 55 ni wati 110. Taa za nyuma na za dashibodi tuseme wati 22. Jumla ni 132. Gawa kwa volti 12, upate ampea 11. Ongeza ampea 4 hivi za koili ya injini: 15. Safari ya maziwa huchukua saa moja na nusu. 15 mara 1.5 ni 22.5. Betri ya babu hubeba ampea-saa 50. Kwa alfajiri mbili zimeondoka 45, na bado hatujahesabu stata, ambayo kila inapopigwa hunyonya zaidi ya ampea 100. Hakuna uchawi. Ni hesabu ya kutoa.

WEZI WENGINE

Gari lako huenda likawa na mwizi tofauti. Hawa ndio wa kawaida:

(a) Kiungo kibovu. Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu. Mkondo wa ampea 30 ukipita hapo, sheria ya Ohm yasema volti zinazopotea ni 30 mara 0.05, yaani 1.5. Alteneta inatoa 14.2 na betri inapokea 12.7. Kiungo hicho kitakuwa cha moto, maana wati 45 zinaishia hapo. Ukikigusa baada ya safari, ukishtuka, umempata.

(b) Brashi za kaboni. Hizi hupeleka umeme kwenye sumaku inayozunguka, nazo huisha kwa kusuguliwa. Dalili yake ni taa nyekundu kumulika njiani, kisha chaji hukatika kabisa. Huuzwa peke yake, na bei yake haifikani na ya alteneta.

(c) Mfereji uliosahaulika. Alteneta inachaji vizuri, lakini gari likilala, betri huamka tupu. Zima kila kitu, fungua kichwa hasi cha betri, uweke multimita ya ampea kati ya kichwa hicho na waya wake. Usipige stata wala kuwasha taa wakati huo, utaichoma. Gari la kale lisilo na redio wala king'ora linapaswa kusoma karibu na sifuri. Ukikuta ampea 0.5, basi kwa saa 12 za usiku umepoteza 6. Toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Hapo ndipo mfereji ulipo.

(d) Katauti iliyoharibika upande wa pili. Volti zikizidi 15, betri inachemshwa: maji yake hupungua haraka, harufu kali hutoka, na balbu huungua kila mara. Wengi hufurahi taa zao zinavyong'aa, kumbe gari linajila lenyewe.

(e) Balbu za kisasa za LED. Watu siku hizi huzipachika kwenye dashibodi za magari ya kale kwa urembo. Ukiiweka moja mahali pa taa ya betri, mkondo wake mdogo huenda usitoshe kuamsha alteneta. Itawaka vizuri na betri itakufa vile vile. Weka balbu ya uzi ya wati zile zile zilizokuwapo.

Na si kila gari hupitisha kikombe cha kwanza kwenye taa. Mengine yana waya wa pili kutoka kwenye swichi, kwa hivyo taa ikiungua chaji haikatiki. Fuata nyaya za gari lako, usifuate hadithi ya gari la babu yangu.

HITIMISHO

Jumatatu mnunuzi wa vyuma alikuja mapema. Hakutukuta, sisi tulikuwa kwenye maziwa. Jioni fundi naye alipita na alteneta ya mtumba ndani ya gunia. Nilimwonyesha daftari. Nilihofia atakasirika, maana mimi ni msichana wa shule na yeye ameshika spana tangu kabla sijazaliwa. Alisoma namba zote, akaiangalia ile balbu iliyoungua, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hii mita ni pesa ngapi?" Nilimheshimu sana kwa swali hilo.

Sisemi kwamba fundi ni mjinga. Yeye anajua kufungua alteneta nisiyoijua hata nati zake. Lakini sisi sote, yeye, babu, hata mimi, tulikisia kwanza. Kisio la kwanza lilitugharimu betri, la pili lilitaka shilingi 9,000, na la tatu lingeipeleka Pijo kwenye mizani ya vyuma. Ukweli ulikuwa wa shilingi 50, nao ulikuwa mbele ya macho ya dereva kila alipofungua swichi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: hata waya huulizwa, na multimita ndiyo inayojua lugha yake.

Siku hizi babu akifungua swichi hangoji aambiwe. Hutazama ile taa mpaka iwake, husema "Haya, umeamka," ndipo apige stata.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Betri iliyopumzika inasoma volti 12.0. Je, imejaa? Eleza.
2. Injini ikinguruma, nguzo nene ya alteneta inasoma 14.3 na betri 12.6. Mtafute mwizi.
3. Kwa nini taa nyekundu huzimika alteneta inapoanza kufanya kazi?
4. Jirani yako anataka kung'oa kichwa cha betri injini ikinguruma "ili apime alteneta". Mwandikie barua fupi ya kumzuia, kwa Kiswahili sanifu, isiyozidi maneno 60.

Majibu ya swali la 4 yaletwe kwenye mkutano wa chama Jumatano. Kwaherini.